Mhogo Uitwao Mutanikaja

Wewe, huo mhogo umewahi kuuona kwa macho yako, au umeokota jina barabarani ukalibandika kwenye jedwali ukidhani wasomaji wote tumelala?... hapana, futa, mhakiki wa jarida haandiki hivyo, mhakiki anaandika ingefaa mwandishi afafanue zaidi chanzo cha jina hili, halafu anapiga nukta na kujiona mstaarabu, kumbe swali ni lilelile limevishwa tai, umeuona au hujauona, na mimi nililipenda lile la kwanza, lilitoka lenyewe, lilitoka moto kama mapovu yanayonyanyua kifuniko cha sufuria pale jikoni, "Bado," anasema shangazi Swaumu, aliyetuletea mhogo huu kutoka kwake Kisarawe, amechoma kipande cha mhogo kwa ncha ya kisu akakiacha kizame tena, "huu ni wa shambani, hauendi kwa amri ya mtu," na amekwisha kukalia mbuzi ya kukunia nazi, meno ya mbuzi yanang'aa mbele ya magoti yake, ila nazi yenyewe haipo, nazi ameagizwa mume wangu Maganga akainunue Maili Moja, Msukuma kuagizwa nazi, shangazi alicheka tangu Maganga anawasha pikipiki mpaka alipopotea kwenye kona, na sasa tunangoja, ua mzima wa nyumba yetu hapa Visiga unangoja, mhogo unangoja nazi, na mhariri wa jarida huko aliko ananingoja mimi, ameniandikia tena asubuhi kwa ule upole wa wahariri unaouma kuliko matusi, leo ndiyo mwisho Daktari, tulikuchagua kwa sababu unalijua eneo... naam, nalijua, nimezaliwa Maneromango kule Kisarawe, nimekula mhogo kabla sijaota meno ya kuutafuna, nimeubeba kichwani, nimeumenya mpaka vidole vikanuka, nimeusomea mpaka nikaitwa Daktari, na leo Jumapili nimekaa nao tena, kompyuta magotini, makala ya watu mbele yangu, aina za mhogo zinazolimwa na wanawake wa Kisarawe, majina yake, uchungu wake, mavuno yake, Kiingereza kilichopigwa pasi, jina la mwandishi limefichwa ili nisimjue, langu limefichwa ili asinijue, tumefunikwa wote wawili kama bibi harusi wawili waliokutanishwa chumba kimoja, lakini ananukia mwanafunzi huyu, ananukia uzamivu, anavyoeleza kila hatua kama mtu anayeogopa kuulizwa, anavyowashukuru wakulima kwa ukarimu wao na chai yao, msomi mzee hashukuru chai, msomi mzee anashukuru wafadhili, na utaratibu wa vyuo vyetu naujua, makala isipochapishwa shahada haitoki, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani leo Jumapili anafungua barua pepe, anafunga, anafungua tena, na kidole changu ndicho kitakachoamua atakuta nini.

Ndiyo maana wale walimu vijana pale chuoni nawaambia, kurivyuu makala ya mtu si kuwinda, mara ya kwanza soma mikono mfukoni, bila kalamu, kama unasikiliza jirani akisimulia, mara ya pili nenda kwenye mbinu ukae hapo kama inzi, alipima nini, alimpimia nani, alihesabuje, angalia majedwali kabla hajakuambia yanasema nini, mara ya tatu ndipo ushike kalamu, na kitu cha kwanza kuandika ni makala inasema nini kwa maneno yako mwenyewe, ukishindwa basi ama hujaisoma ama haikuandikwa, halafu tenganisha kidonda na upele, kidonda ni mbinu mbovu, upele ni koma iliyokosewa, usimwue mtu kwa upele, na gombana na karatasi, usigombane na aliyeiandika, na makala ya watu ni siri, usimwonyeshe mtu, usimsomee mumeo kitandani... wanatikisa vichwa, wanaandika, kisha wanakwenda kufanya kama Dokta Yahya wa ofisi ya pili kutoka yangu, ambaye hufungua makala kwa nyuma, kwenye marejeo, anatafuta jina lake, akijikuta mara tatu makala ni nzuri, akijikuta mara moja inahitaji marekebisho, asipojikuta kabisa mwandishi hajui fani, au yule mwingine aliyeitupia mashine makala nzima ikamtapikia sifa, makala hii ina mchango mkubwa na wa kipekee, ukurasa mzima wa mchango mkubwa na wa kipekee, kumbe jedwali lilijumlisha hadi asilimia mia moja na ishirini, nilicheka hadi katibu muhtasi akaja kuchungulia... mimi siyo hao, mimi nimesoma hii mara tatu, mikono mfukoni, kama inzi, na kwa kalamu, na makala ni nzuri, hapo ndipo panaponiudhi, ni nzuri kweli, huyu mtu anajua kupima, uchungu wa mhogo ameupima sawasawa, mavuno ameyapima kwa mizani badala ya kuuliza unadhani ulipata magunia mangapi mama, hadi hapo nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea ujumbe wa mapenzi, halafu jedwali la tatu, Kiroba, sawa, Kibandameno, sawa, naujua, halafu huyu, ameandikwa kwa herufi za mlalo kama mgeni rasmi, mtamu kuliko wenzake, unaiva upesi, unazaa vizuri kwenye mchanga, anaitwa...

"Mutanikaja," nimelitamka, midomo yangu hii, nikisoma jambo gumu hunitoka sauti tangu darasa la pili, na kisu cha shangazi kimesimama juu ya sufuria, "Umesema nani?" hakuna shangazi, kazi tu, "Nimesikia kama umetaja mtu," si mtu shangazi, na kweli ukilisikia ni mtu, Profesa Mutanikaja, mstaafu, mwenyeji wa Bukoba, anavaa suti hata akienda kununua ndizi, hilo si jina la mhogo wa Kisarawe, kwetu hakuna neno linaloanza na mutani, ndiyo maana nasema huyu ama alikusanya data huko ziwani akaja kuzibandika Pwani, ama alikaa chini ya feni akatunga, na jambo la pili ndilo kubwa, kaya zote, kila kaya yenye mhogo huo imetaja jina hilohilo, herufi kwa herufi, hakuna hata mmoja aliyepotoka, na mimi hao wanawake nawajua, kule Maneromango wawili wanaopakana ua hawakubaliani jina la mhogo mmoja, huyu anauita mweupe, yule anauita wa mission, wa tatu anauita mhogo wa Kudra kwa kuwa Kudra ndiye aliyetoka nao kwao, wanagombana juu ya jina hadi jua linazama, sasa leo wote wamekuwa kwaya?... data halisi huwa na matongotongo, data iliyonawa uso kiasi hiki imetungwa, huo ni ushahidi, hicho ni kidonda wala si upele, naandika, natia shaka kwamba mwandishi amewahi kufika shambani... na kidole kimeganda, kwa sababu sentensi hii naijua, siijui tu, nimeila, nimelala nayo, ni sentensi niliyoandikiwa mimi, makala yangu ya kwanza, kuhusu kukausha mihogo, mhakiki wa pili asiye na jina, mwandishi haonekani kuwahi kufika shambani, mimi, mwenye visigino vilivyopasuka kwa udongo wa Maneromango, nikaisoma kwenye kantini ya chuo, mkono mmoja na chapati, na Maganga wakati huo hata mchumba hajawa, ni kijana mrefu tu wa takwimu aliyekuwa akinikopesha kalamu, akainyakua karatasi akaisoma kwa sauti kantini nzima ikasikia, akasema mujibu huyu, mwambie mimi nilizaliwa shambani, wewe ulizaliwa maktaba, na huko maktaba nako hukufika rafu ya juu, nikacheka na machozi yananitoka, chapati ikanipalia, nadhani siku ile ndipo nilipoolewa, yaliyofuata yalikuwa sherehe tu... lakini nililia, kabla ya kucheka nililia, na yule mhakiki hajui, wala hatajua, alikuwa na uhakika kama nilio nao mimi sasa hivi, pengine naye alikuwa na sufuria jikoni.

"Mwana," shangazi ananiita, mimi ni Mwanahalima ila kwake nimebaki nusu, "hivi nyie mnaoandika mambo yenu humo, mkikuta uongo mnaufanyaje?" Tunautupa shangazi, "Na aliyeuandika?" Naye anatupwa, "Moja kwa moja?" Inategemea, "Hata kama... tuseme mtu amedanganywa, naye akaandika alichoambiwa, hata huyo?" na sauti yake ina kitu, shangazi Swaumu haulizi maswali ya namna hiyo, shangazi anauliza mnakula nini, mnazaa lini tena, huyu mumeo mbona mrefu hivi hamumkati, lakini mtu amedanganywa naye akaandika, hilo ni swali la mhariri, tena mhariri mzuri, nimemtazama, amegeuza uso, anapepea mkaa usiohitaji kupepewa, anaimba puani, shangazi akiimba puani ujue kuna mtungi umevunjika mahali... mbona unauliza shangazi? "Sijauliza, nimesema tu, mdomo ni wangu," haya, mdomo ni wako, nami wangu nimeufunga, siwezi kumwambia ninasoma nini, siri ya makala ni siri hata kwa shangazi, hasa kwa shangazi, ambaye habari ukimwambia saa ya chai, saa ya futari inakurudia imeongezwa nazi... na hiyo hapo pikipiki, naijua kwa kikohozi, inapinda kona, geti linalia, na shangazi amepata pa kutokea, ameinuka nusu kutoka kwenye mbuzi, ameweka mikono mdomoni kama mpiga mbiu, na kama afanyavyo kila mara mume wangu akikanyaga uwanja alipo yeye, kila sikukuu, kila msiba, hata siku ya posa, wazee wamekaa kwa adabu kwenye mkeka na yeye dirishani, na kwa lafudhi ya Maganga mwenyewe, anamkebehi, anaivuta ile mu kama ng'ombe aliyekataa josho, "Mutani kaja! Mutani kaja jamani, ficheni mboga!"

Mu. Tani. Ka. Ja... ngoja, ngoja kwanza, mtani, mtani kaja, lakini sikioni mwa Msukuma na kalamuni mwake ni mutani, mutani kaja, andika pamoja, weka mlalo, Mutanikaja, Profesa Mutanikaja wa Bukoba amevua suti, masikini, amebaki na kaniki ya shangazi yangu, ni salamu, jamani, si mhogo, ni utani, Wazaramo na Wasukuma, mtani akiingia kwako unampokea kwa kelele, unamnyang'anya kofia, unamwambia kajaje mwizi huyu wa maziwa, naye anakujibu wavivu nyie mnacheza ngoma mpaka kuku wanahama, wala hakuna anayekasirika, kukasirika ndiyo kosa, na mimi Mzaramo kamili, mke wa Msukuma, nimesikia hizo silabi tano tangu siku ya posa yangu, nimezisoma mara tatu, mikono mfukoni, kama inzi, na kwa kalamu, nikaziona za Bukoba!... nacheka, siwezi kujizuia, kompyuta inaruka magotini, Maganga ameingia na mfuko, "Shikamoo shangazi," anainamisha kichwa kama mkwe mwema, "Marahaba mkwe wangu," kisha mara moja, bila hata kupumua, "leta mzigo mutani, au umeula njiani na ganda lake?" maana shangazi humchagulia mwenyewe, mkwe akitaka heshima, mtani akitaka raha, anambadilisha kama kanga, "Nimeleta nzuri kabisa," anasema Maganga, "nimechagua mwenyewe, ya kijani, nzito, ukitikisa maji yanaitika," na anaitoa, ni dafu, dafu bichi kabisa, shangazi amelipokea kwa mikono miwili, amelitazama, amemtazama na yeye, "Hili nilikune au nilinyonyeshe?" Maganga anasema muuzaji aliniuliza nazi au dafu nikamwambia lililo bora, "Muuzaji kakuona ulivyo, kakuhurumia," na wanaendelea, sisikii tena vizuri, kwa sababu akili yangu imeshapanda basi la Kisarawe, naona ua wa shangazi, naona mtu anaingia na vitendea kazi vyake, anauliza kwa lafudhi ileile, huu munauitaje, na shangazi anayeijua lafudhi hiyo kama harufu ya pilau anamuuliza kwenu wapi, anatajiwa huko kwa kina Maganga, na shangazi anapiga kelele ile, kisha mtu anainamisha kichwa na kuandika, kwa mwandiko mzuri, alichosikia, hakutunga kitu, aliandika kile hasa alichosikia, kwa uaminifu ambao Dokta Yahya hajawahi kuuota... basi alifika shambani, alifika mpaka ndani ya ua wa shangazi yangu, akanywa chai yake, ile chai ya shukrani, ni mimi ambaye sijafika, lini nimekanyaga lile shamba mara ya mwisho, mihogo siku hizi inaletwa hapa kwenye kiroba nami naipokea kama mtalii.

Futa. Futa natia shaka, futa umewahi kuuona, kidole kinafuta kwa furaha, herufi zinarudi nyuma kama watoto walioitwa kula, na mahali pake naandika, hii ni kazi safi, nimeisoma kwa raha, halafu swali moja tu, dogo na la kweli, mwandishi amrudie mkulima wa kwanza aliyelitaja jina hili, amuulize lilianza lini na kwa nini, yawezekana hapo kuna makala ya pili iliyo nzuri kuliko hii, marekebisho madogo, ichapishwe... lakini ngoja, kidonda hakijapona, kile cha pili, kwaya, mmoja akipiga kelele ya utani nitaelewa, kaya zote haziwezi kupiga kelele moja, herufi kwa herufi, mpaka nyumba za kule bondeni, hapo kuna mkono wa mtu, na huo ni mkono wa nani, siwezi kuuliza, nikiuliza nimetoboa siri ya makala, na kisanduku kile cha maneno ya mhariri pekee kinanitazama, kile asichokiona mwandishi, je una uhusiano wowote na kazi hii, ndugu mhariri, nasikitika kukujulisha kwamba nina undugu na mhogo... hapana, sina uhakika, mhakiki haandiki asichokuwa na uhakika nacho, kwa hiyo siulizi, nanyamaza, nanyamaza kwa makusudi, nimeifunga kompyuta taratibu, nimeweka mikono juu yake, na namtazama shangazi Swaumu jinsi alivyokuwa akinitazama mimi utotoni sukari ilipopungua koponi, bila neno, na macho ya upole mno, yeye anazungusha dafu mapajani, analizungusha tena, Maganga anatutazama kwa zamu, "Kuna nini?" mkaa unalia, kifuniko cha sufuria kinacheza, shangazi ameimba puani, wimbo umemkatikia katikati, amechoma mhogo kwa kisu, "Bado," amesema, hakuna aliyemuuliza, ameweka kisu chini, amefuta mikono kwenye kanga, kwanza kiganja, kisha mgongo wa kiganja, "Usinitazame hivyo Mwana, mimi si karatasi," nami nimezidi kumtazama, na mdomo wake umeanza kutetemeka pembeni, sijui ni kicheko au ni toba, kwake vyote hutokea mlango mmoja, "Yule binti msimtupe," amesema, "kama ni yeye, msimtupe, alikuwa mpole, alipiga magoti kunisalimia na mabuti yake ya mvua, akaniuliza huu munauitaje, mimi nikasikia Msukuma, nikapaza sauti mtani kaja, namwita Shamsia aje tumcheke, kugeuka naona anaandika, anaandika kweli, kwa kalamu, ningemwambia acha mama, huu ni mhogo wa Kudra, ningemwambia... lakini alivyokuwa anaandika kwa heshima vile, Mwana, utani ukanipanda kichwani, alipoaga tu nikashika simu, nikampigia Shamsia, nikampigia Kudra mwenyewe, nikampigia mama Twalibu wa bondeni, nikawaambia wapashane ua hadi ua, kuna mtani anapita, akiwauliza ule mhogo mwambieni Mutanikaja, tena mseme kama wao wanavyosema, na atakayecheka mbele yake simpi mbegu, na hawakucheka, wallahi, na sasa hata sokoni wanauita hivyo, hata mimi nikitaka kusema mhogo wa Kudra ulimi unakataa, na ndiyo huo humo sufuriani... haya, nimesema, Maganga mwanangu usinicheke, ni mimi, binti wa watu hakudanganya, niliyedanganya ni mimi."